Kompyuta Zilizomngoja Mgeni Rasmi

Mpaka leo nikiona utepe mwekundu umefungwa mlangoni, roho inanichefuka. Watu wengine wana kinyaa cha konokono, wengine cha makamasi ya mtoto wa jirani. Kinyaa changu mimi ni uzinduzi. Nikipewa kadi ya mwaliko naisoma mpaka mwisho kwa adabu, halafu naikunja naiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Hapo inanisaidia zaidi.

Sikuzaliwa hivyo. Miaka ile ya soko huria, wakati kila kitu kilikuwa kinauzwa, kuanzia viwanda vya serikali mpaka maji ya kunywa ndani ya mfuko wa nailoni, nilikuwa nafundisha upigaji chapa Kibiti, huku Rufiji, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Nilikuwa na mashine za chapa za chuma, kelele zake zinasikika mpaka barabarani, na wanafunzi wangu wengi walikuwa kina mama na wasichana waliomaliza darasa la saba. Maofisi yalikuwa yanatupa mashine za chuma na kuingiza kompyuta, na kompyuta zote zilikuwa za Kiingereza. Mwanafunzi wangu aliweza kupiga chapa ukurasa mzima bila kutazama vidole, lakini ukimkalisha mbele ya kioo kile anaganda. Kila anapotaka kwenda pameandikwa kwa lugha aliyokula nayo viboko shuleni.

Kwa hiyo niliposikia kuna watu Dar es Salaam wanakutana kutafsiri programu huria ya ofisi, ile ya kuandikia barua na kufanyia mahesabu, ambayo haiuzwi na ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuibadili, sikungoja kualikwa. Nilipanda basi nikaenda.

Walikuwepo vijana wa kompyuta waliokuwa wanafanya kazi kweli, na hao nawaombea dua mpaka kesho. Walikuwepo pia wasomi waliokuja na mikoba. Hao walibishana asubuhi nzima juu ya neno moja, wakaenda kunywa chai, wakarudi wakaanza kubishana kama ubishi wa asubuhi ulikuwa umekwisha ama la. Mmoja wao alituambia kwamba Kiswahili cha watu wa Rufiji kimechanganyika mno na Kindengereko, hakifai kuingizwa kwenye mashine. Alikuwa anayasema hayo huku anachokonoa meno kwa kijiti, na akimaliza anakitazama kijiti, anakirudisha mdomoni. Nilinyamaza, maana nililelewa, lakini kile kijiti sijakisahau.

Nilipewa fungu langu nikarudi nalo Kibiti: mabunda ya karatasi yaliyochapwa sentensi za Kiingereza, na chini ya kila sentensi nafasi tupu ya kujaza Kiswahili. Alasiri, wanafunzi wakishaondoka, nilikuwa nakaa uani na wifi yangu, mke wa kaka yangu, nikimsomea nilichoandika.

Wifi huyu ndiye aliyenifanya nianze. Alikuwa anauza vitumbua stendi. Kaka yangu alikuwa ameoa mke wa pili huko Mbwara, akavuka daraja la mto siku moja na toka siku hiyo akasahau kwamba daraja lina pande mbili. Watoto walibaki kwa wifi. Moshi wa kuni ulikuwa umemharibu macho, na mikono yake ilikuwa na madoa ya mafuta ya moto mpaka kwenye viwiko. Jioni alikuwa anakuja darasani kwangu, ananuka iliki na moshi, anakaa kwenye mashine ya mwisho karibu na dirisha. Alikuwa na vidole vya ajabu. Niliwafundisha watu wengi kabla yake na baada yake, sikuona vingine kama vile.

Mwaka huo ofisi moja ya pale mjini ilitangaza nafasi ya mpiga chapa. Kazi ya kudumu, yenye likizo na matibabu. Usaili ungefanyika masika yakikaribia kwisha, na ungekuwa wa kompyuta. Wifi alilisoma tangazo lile ubaoni, akaja kwangu mbio na ndoo yake ya vitumbua kichwani.

"Wifi, nikiipata hii kazi, unajua nitafanya nini?" akaniambia. "Nitakaa kwenye kiti chenye mgongo. Basi. Nitakaa."

Bahati ilituangukia, au ndivyo tulivyodhani. Ofisi ile ilikuwa na kompyuta moja tu, ya mkubwa wao, na waombaji walikuwa wengi. Wakati huohuo kituo cha walimu pale Kibiti kilikuwa kinategemea kupokea kompyuta za msaada kutoka ng'ambo, na mimi nilikuwa nimekwishakubaliana na mkuu wa kituo kwamba zitawekwa programu yetu ya Kiswahili. Ofisi ikakubali kuja kufanyia usaili wake kituoni, kwenye mashine hizo. Nikamwambia wifi afanye mazoezi hapo mpaka azizoee kama alivyolizoea karai lake. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Kompyuta zikaja kwa lori. Mitumba. Sijui kwa nini nilitegemea kingine, wakati suruali zetu ni mitumba, baiskeli zetu mitumba, na hata majokofu yanayogandisha samaki wa delta ya Rufiji yalikwisha kuchoka kwa watu wengine kabla hayajaletwa kwetu. Tulipozigeuza kibodi zile na kuzigonga chini, vilimwagika vitu ambavyo nikivikumbuka sasa hivi nasikia kutapika. Makombo ya mikate. Nywele za manjano. Kitu kilichokauka ambacho sikukiuliza jina. Na kucha, kucha za binadamu zilizotafunwa zikatemwa. Watu wa mbali walikuwa wamekula juu ya mashine zile, wamepiga chafya juu yake, wamejichokonoa mbele yake, kisha wakazifunga kwenye maboksi wakatuletea na salamu za kututakia maendeleo. Wifi na mimi tulifunga khanga puani tukazisafisha kwa spiriti, kibonye kimoja kimoja.

"Wazungu nao wachafu, wifi," alisema.

"Kusanya hizo kucha, usije ukarogwa," nikamwambia, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kijana kutoka Dar akaja na diski, akaweka programu. Akawasha jenereta. Kioo kikapiga weupe, na juu yake yakajipanga maneno: Faili, Hariri, Ingiza, Zana, Msaada. Nilipiga kigelegele peke yangu kama nimeingia harusini. Maneno yale nilikuwa nimeyaona kwenye karatasi tu, uani kwangu, kuku wakiyapita juu. Wifi akavuta kiti, akaandika jina lake, akaandika majina ya watoto wake, akageuka kunitazama.

"Sasa nikitaka yasipotee?"

"Tafuta mwenyewe."

Akafungua Faili, akateremka na kidole chake juu ya kioo, akasimama kwenye Hifadhi. "Kumbe! Ndo hapa?" Akabonyeza.

Hapo ndipo mkuu wa kituo alipoingia. Alikuwa mtu wa bara, mpole, shati lake limepigwa pasi hata siku za kazi za mikono. Alishika kichwa.

"Jamani, jamani, zimeni kwanza. Hazijazinduliwa."

Nilidhani anatania. Siku ya pili nilikuta zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vya maua, kama makochi ya sebuleni. Mlango umefungwa kufuli, na juu ya kufuli umepitishwa utepe mwekundu.

Nikamfuata ofisini kwake. Nikamweleza habari ya usaili, nikamweleza habari ya wifi, nikamwambia waombaji wote wanahitaji kuzishika mashine kidogo kabla ya siku yenyewe.

"Dada yangu, nakuelewa sana," akasema. "Lakini kitu kikishatumika, mgeni rasmi atazindua nini?"

"Atazindua kitu kinachofanya kazi."

"Itifaki hairuhusu. Ametupa ahadi kwamba atakuja. Subira yavuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mwalimu."

Akacheka, akanikaribisha soda. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Alikuwa na rafiki yake aliyefungua kisima cha shule kabla ya mgeni kukikatia utepe, kwa sababu watoto walikuwa na kiu. Rafiki huyo alihamishiwa kisiwani huko kwenye mikoko, mahali pa kufika kwa mtumbwi. Mkuu wangu alikuwa na mke na watoto, na aliogopa mtumbwi. Sisi huku hatuogopi kitu kuharibika. Tunaogopa kitu kutumika kabla mkubwa hajakigusa.

Basi tukangoja. Mgeni rasmi alisema atakuja, akasafiri nje. Akasema atakuja, akapatwa na msiba. Wanafunzi wa shule ya jirani walikuwa wameandaliwa ngonjera ya kuisifia kompyuta, na kila siku baada ya vipindi walisimama mstari chini ya dirisha lililofungwa, wakapaza sauti, "Kompyuta wee, mwanga wa taifa!" huku hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona. Kamati ya maandalizi ilinunua mbuzi wa mgeni. Mbuzi akanenepa, akawa anatembea kwa maringo kama ana barua ya ajira. Sikukuu ya Idi ilipofika kamati ikamchinja ikamla, ikasema mbuzi mwingine atanunuliwa. Kwa mbuzi hapakuwa na itifaki.

Kisha masika yakaingia. Safari moja mgeni aliondoka kweli Dar, tukaambiwa yuko njiani, watoto wakavalishwa sare, wakanyeshewa. Msafara ukafika Bungu, njiani kuja kwetu, mvua ikazidi, wakubwa wakanunua korosho wakageuza magari. Zile korosho ziliniuma. Kwa korosho mvua haikuwazuia kushusha vioo.

Nyumbani nilichukua boksi la sabuni nikalipasua, nikachora juu yake kioo cha kompyuta, nikaandika Faili, Hariri, Hifadhi, Chapisha. Wifi alikuwa anapiga chapa kwenye mashine moja ya chuma niliyoihamishia uani, akimaliza ukurasa ananyoosha mkono anagusa boksi. "Hifadhi," anasema kwa sauti. "Sasa Chapisha." Ni mtu mzima, mama wa watoto, anabonyeza boksi la sabuni, wakati mwendo mfupi tu kutoka hapo mashine zenyewe zimevishwa vitambaa vya maua. Nilikuwa naingia ndani nisimwonyeshe uso wangu.

Usaili haukungoja. Ofisi ilitangaza siku yake, ikaja kituoni kuomba chumba, ikajibiwa kwamba chumba hakijazinduliwa. Wao nao hawakubishana, wanaujua utaratibu. Wakahamishia usaili kwenye kompyuta ile moja ya mkubwa wao, ya Kiingereza, waombaji wakiingia mmoja mmoja.

Wifi alivaa gauni nililomshoneshea, akaficha madoa ya mikono kwa mikono mirefu. Mimi nilimngoja nje kwenye benchi. Nilizisikia sauti za vidole vyake kupitia dirishani, na niliwasikia waliokuwa ndani wakinyamaza kumsikiliza. Kisha vidole vikakoma. Nikamsikia mwanamume mmoja akisema, "Haya mama, ihifadhi, halafu uitoe kwenye karatasi." Nikasikia kubonyeza mara moja tu. Mwishowe nikasikia, "Aaa, mama, sasa mbona umeifuta? Haya, asante. Tutakuita."

Alitoka, tukarudi nyumbani. Alivua gauni, akavaa khanga, akaanza kukoroga unga wa vitumbua vya kesho.

"Niliandika yote, wifi," akasema. "Ukurasa ulijaa. Kwenye lile boksi letu Hifadhi iko pale juu, sivyo? Na miye nikaenda pale juu. Nikakuta maneno, maneno, maneno. Nikabonyeza moja. Basi."

Hawakumwita. Kazi alipewa binti aliyekuja kutoka Dar, anayetafuta herufi kwa kidole kimoja kama anachagua dagaa, lakini milango ya Kiingereza anaijua.

Uzinduzi ulifanyika kiangazi. Walipovunja kufuli asubuhi ya siku yenyewe, harufu iliyotoka mle chumbani iliturudisha nyuma wote. Nyigu walikuwa wamejenga viota vya udongo kwenye matundu ya waya. Mijusi walikuwa wametaga. Mkuu alipofunua kitambaa cha maua cha mashine ya pembeni na kufungua kifuniko chake cha nyuma, tulikuta panya amezaa ndani, vichanga vyekundu visivyo na manyoya vimelala juu ya nyaya zilizotafunwa, vinajinyonganyonga. Nilikwenda nje nikatapika kwenye maua ya kamati. Niliporudi nikakuta wanamalizia kumwagia chumba manukato ya dukani, na kitambaa cha maua kimerudishwa juu ya mashine ile.

"Itakaa nyuma," mkuu alisema bila kunitazama. "Ile moja iliyobaki nzima tutaiweka mbele."

Walihitaji mwananchi wa kukaa mbele ya ile nzima, apigwe picha na mgeni. Wakamtaka wifi, kwa kuwa alikuwa mwanamke, ana khanga nzuri, na anajua pa kuweka vidole. Nilimwambia akatae.

"Niache, wifi," akanijibu. "Nikae japo mara moja."

Mgeni rasmi alikuja jua likiwa limekwishapinda, watoto wamekaukwa midomo. Mshereheshaji akapaza sauti kwenye kipaza sauti, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Ngonjera ikasomwa. Risala ikasomwa. Mgeni akasifia lugha yetu adhimu kwa maneno ambayo nusu yake yalikuwa ya Kiingereza, akasema ni kitu *very important* na kwamba lazima *tuwe serious*, na watu wakapiga makofi kila alipopumzika kumeza mate. Jenereta ilikuwa inaendesha vipaza sauti, haikutosha na kompyuta. Kwa hiyo alipokata utepe na kuingia ndani na wapiga picha wake, kioo kilichokuwa mbele ya wifi kilikuwa cheusi. Hakuna aliyeshtuka. Wifi alikuwa amekaa wima, vidole vyake viko juu ya kibodi, anaandika, haraka, bila kutazama, kwenye mashine iliyozimwa.

"Eeh mama!" mgeni akainama. "Unaonaje sasa? Rahisi, sivyo?"

Wifi akaacha kuandika. Kipaza sauti kilikuwa kimesogezwa mdomoni pake.

"Mheshimiwa," alisema, "ungekuja kabla ya masika, miye ningekuwa na kazi."

Nilijua hapa sasa patatokea jambo. Mkuu wa kituo alikuwa ameshauona mtumbwi, uso ulimwisha damu. Lakini mshereheshaji alikuwa mwepesi. Akanyakua kipaza sauti. "Watani hao! Ndengereko hao, jamani, hawana dogo!" Na mgeni, ambaye alikuwa wa kabila la watani wetu, akaangua kicheko, mabega yakamtikisika, akasema amepatikana, mtani wake amempata. Watu wote wakacheka. Waliokuwa nje wakacheka bila kujua wanachekea nini.

"Mtani wangu huyu asiondoke hivihivi," mgeni akasema, akijifuta machozi. "Mkuu wa kituo, apatiwe kazi. Hapahapa kituoni. Wiki hii hii. Ni agizo."

Vigelegele vikapanda. Wapiga ngoma wakaanza. Mkuu aliitikia kwa kichwa kwa furaha ya mtu aliyeahirishiwa hukumu, na wifi yangu alisimama akapeana mkono na mgeni mbele ya kamera, kioo cheusi nyuma yao. Pilau lilipoletwa sikuligusa. Mtu wa kamati aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo.

Siku chache baadaye nilikwenda kituoni na diski mpya, zenye sentensi tulizozisahihisha. Kompyuta zilikuwa zimekwishazinduliwa, hapakuwa tena na kisingizio. Mkuu mwenyewe alikuwa ameiwashia jenereta ile mashine nzima, na kwa mbali, kupitia mlangoni, niliyaona maneno yetu juu ya kioo, Faili, Hariri, yote. Nikasahau hasira zangu zote. Nikavua viatu, kama kibao kipya cha mlangoni kilivyoagiza, nikaita kwa sauti.

"Wifi! Njoo basi, imewaka!"

Alitokea nyuma ya mlango. Alikuwa amevaa koti la buluu la wahudumu, lililomzidi mabega, na mkononi ana tambara la deki linalochuruzika maji. Hakukitazama kioo. Alitazama miguu yangu.

"Simama hapohapo, wifi," akasema. "Usikanyage, bado pabichi."